Mwari Kwenye Jalada

Raya binti Masoud alikuwa amekaa kitako mkekani, kanga kifuani, mwili mzima umepakwa singo, msuguo wa kunukia wa maharusi, pale shangazi yake Mize alipoingia chumbani bila hodi wala salamu. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Bi Mize ni mwanamke wa kusalimia hata kuku wa jirani, na isitoshe alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Lugoba kwa ajili ya harusi. Mtu akitoka safari huanza kwa kuulizana hali na waliobaki. Yeye alisimama katikati ya chumba, buibui limemwenda upande, anahema.

"Shikamoo, shangazi," Raya alisema.

Marahaba haikuja. Bi Mize alipeleka mkono ndani ya buibui, akachomoa gazeti, akalibwaga mkekani mbele ya magoti ya mtoto wa kaka yake.

"Huyo nani?"

Bi Sikuzani, somo yake Raya, yaani kungwi wake, ambaye alikuwa akimsugua mgongo, aliacha kusugua. Raya aliinama kutazama. Kwanza hakuelewa anachokiona, kisha akaelewa.

Alikuwa ni yeye.

Gazeti lilikuwa *Marashi*, lile la akina mama linalotoka Dar es Salaam kila mwezi, la karatasi za kung'aa, ambalo hukosi kulikuta kwenye saluni yoyote ya maana kuanzia Mbezi hadi Chalinze. Jalada zima lilikuwa uso wake, kuanzia utosini hadi mabegani, kajitanda mtandio wa zambarau, anamtazama mtu machoni pasipo kupepesa. Pembeni ya shavu lake, kwa herufi za manjano nene mithili ya bango la duka, yaliandikwa maneno haya: NILIOLEWA KWA SIRI, NIKAACHWA KWA SIRI. Na chini yake, kwa herufi ndogo: *Kwa mara ya kwanza anaufungua moyo wake.*

"Nimeliona Msata," Bi Mize alisema, sasa pumzi zimerudi na maneno nayo yamerudi kwa wingi. "Basi limesimama, wachuuzi wamelizunguka, huyu korosho, huyu maji, mmoja ananibandikia gazeti dirishani. Natazama, mtoto wa Masoud! Nikasema labda ni joto hili. Nafika stendi hapa Bagamoyo, wameyatundika safu nzima kwa vibanio vya nguo. Raya, Raya, Raya, mpaka mwisho wa kibanda! Watu wamesimama wanasoma. Mwari yuko ndani anafichwa asionekane hata na mbuzi, kumbe yuko stendi anatazamana na makondakta!"

"Sijui kitu, shangazi," Raya alisema. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema. "Sijui."

"Hujui? Uliolewa lini kwa siri? Na nani? Ndoa keshokutwa, Raya! Ami zake bwana harusi wako njiani kutoka Pangani, na simu wanazo!"

"Bi Mize, mwache mtoto avute pumzi," alisema Bi Sikuzani.

Lakini pumzi haikuvutika. Maana Raya aliposema hajui, alikuwa anajua, na alichokijua kilimuuma kuliko maneno ya manjano. Aliujua mkono uliolitengeneza jalada lile.

Ibrahimu, huyo aliyekuwa amwoe keshokutwa, kazi yake ilikuwa kusanifu majalada ya *Marashi*. Katika uchumba wao alikuwa akija na matoleo ya zamani, wanakaa sebuleni na Bi Sikuzani katikati yao kama ukuta, naye anamfundisha kusoma jalada. Tazama Raya, uso lazima umtazame mnunuzi machoni, kwa sababu mtu hupita akiwa na haraka na kitu pekee kitakachomsimamisha ni macho ya mwenzake. Tazama, kichwa kinapita mbele ya jina la gazeti, kinafunika herufi mbili tatu. Gazeti linalojulikana halioni haya kufunikwa. Nyuma pawe peupe, maneno yapate pa kukaa. Na lile neno kubwa, lile la kushtua, liwe upande wa kushoto, kwa kuwa dukani magazeti hupangwa yakilaliana na ukanda wa kushoto ndio unaobaki nje. Raya alikuwa akicheka. "Kumbe mnatutega sisi kama samaki," alimwambia siku moja, na Ibrahimu akajibu, "Samaki hawanunui, mpenzi."

Sasa kila alichofundishwa kilikuwa pale mkekani. Macho. Herufi mbili za *Marashi* zimemezwa na mtandio wake. Ukuta mweupe. Neno kubwa kushoto. Angeweza kulitetea jalada lile mbele ya mwalimu, na Ibrahimu ndiye mwalimu.

Na Ibrahimu ndiye aliyeahidi. Mzee Masoud aliikataa posa mara ya kwanza, na alikuwa na sababu yake. "Kijana mzuri, dini anayo, watu wake wa Pangani nawajua," alisema. "Ila riziki yake inatokana na sura za watoto wa watu." Ilipoletwa mara ya pili aliikubali kwa sharti moja tu, tena akalisema mbele ya wazee wa pande zote mbili: uso wa binti yake usije ukatundikwa sokoni. Siku utakapotundikwa, hakuna ndoa. Ibrahimu alinyoosha mkono, wakapeana.

Kikohozi kilisikika ukumbini. Mzee Masoud hakuwa mtu wa kuingia chumba cha mwari. Alikohoa tena, akasukuma mlango, akabaki kizingitini. Duka lake la vitambaa liko hatua chache tu kutoka nyumbani, na ni dhahiri alikuja akikimbia, kwani futi ya kupimia vitambaa bado ilikuwa inamning'inia shingoni. Mkononi alikuwa na gazeti lake mwenyewe. Mteja kamletea, maana wema wa watu hauna mipaka.

"Raya."

"Labeka, baba."

"Nitazame."

Alimtazama. Hakuwahi kumwona baba yake na uso ule. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyefika kwake akakuta nyumba haipo, amesimama tu anatafuta ukuta ulikuwa wapi.

"Ni wewe huyu?"

Raya alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Bi Sikuzani aliinuka, akamnyang'anya mzee gazeti, akalipeleka dirishani penye mwanga.

"Hebu ngojeni," alisema. "Hebu ngojeni kwanza. Kidoti."

"Kidoti gani?"

"Mimi ndiye ninayeusugua uso huu, Bwana Masoud. Kidoti cha Raya kiko hapa, kushoto, juu ya mdomo. Huyu wa gazetini kiko kulia." Alimshika Raya kidevu, akamgeuza kwa baba yake, gazeti akaliweka pembeni ya shavu. "Tazama. Na pua pia. Kipini cha Raya kiko kushoto, huyu kulia. Si yeye huyu! Wamefanana tu!"

Bi Mize alisogea. Mzee Masoud alisogea. Wote watatu waliutazama uso wa Raya, wakatazama jalada, wakarudi kwenye uso. Na kweli, kadiri walivyotazama ndivyo yule wa jaladani alivyozidi kuwa mgeni kwao. Kuna kitu hakikukaa sawa, nyusi labda, au lile tabasamu la upande.

Raya peke yake ndiye hakuona ugeni wowote. Yeye hajiangalii ila kwenye kioo na kwenye kamera ya mbele ya simu, na huko kidoti chake hukaa palepale kilipokaa jaladani. Ule ndio uso anaoamkiana nao kila asubuhi. Mtu yeyote duniani angeweza kudanganyika isipokuwa yeye.

"Si wewe," baba yake alisema. Hakuwa akiuliza tena. Alikuwa akiomba.

Sekunde moja tu ilitosha kusema kweli. Raya aliiona ikija, akaiona ikipita, wala hakuikamata. Aliinamisha macho.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Masoud, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule, akayafuta kwa ncha ya futi yake bila kujua anafanya nini. "Alhamdulillahi Rabbil Alamina! Mize, twende. Wazee wako barazani hapo nje, wanasubiri kunitazama usoni. Wacha wanitazame!"

* * *

Ibrahimu alifika kwa kupitia uani. Alikuja na pikipiki moja kwa moja kutoka Dar, na vumbi la Mapinga lilikuwa bado kwenye nyusi. Bi Sikuzani alimkuta jikoni amesimama kati ya masufuria ya harusi, hana rangi. Angeweza kumfukuza. Lakini alikuwa amemlea Raya tangu mama yake alipofariki, na alijua kimya cha Raya mbele ya baba yake kilikuwa na maana gani.

"Utasema naye kwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba," alimwambia. "Na pazia lisiguswe. Mimi nipo hapa, na masikio ninayo."

Raya alisikia viatu vyake, kisha akakiona kivuli chake kwenye kitambaa. Siku zote walizokosa kuonana alikuwa akimtamani mpaka anaota sauti yake. Sasa sauti ilikuwa pale, na hasira haikumpa nafasi ya kuifurahia.

"Raya."

Raya alilisukuma gazeti mbali na magoti yake.

"Raya, sema nami. Hata matusi, nitayapokea."

"Nikutukane kwa lipi?" alisema. "Kwa sura, au kwa maneno?"

"Kwa yote. Maneno si yako, unajua. Ni ya mwimbaji mmoja, kisa chake kiko ndani. Picha yake ndiyo ilikuwa ikae pale."

"Sasa mimi nimefikaje pale?"

Kivuli kiliinamisha kichwa. "Nilikuweka mimi."

Bi Sikuzani alisonya. Raya alijikuta ameshika ncha ya kanga na kuisokota mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Unakumbuka siku ile ya kwanza," Ibrahimu alisema, "tulipokuja kupiga picha hapa mtaani, msichana wetu akachelewa? Nikakuomba usimame ukutani kidogo nipime mwanga."

Alikumbuka. Angesahau vipi? Alikuwa anatoka dukani kwa baba yake na mtandio wake wa zambarau. Mtu mrefu asiyemjua alimwambia samahani dada, dakika moja, na yeye akautazama ule mdomo wa kamera akauliza, "Unaona nini humo?" Mtu yule alichelewa kujibu, na katika kule kuchelewa ndimo mambo yote yalimoanzia.

"Ilikuwa ya kupimia mwanga tu," Ibrahimu aliendelea. "Haikuwa ya kazi. Lakini sikuifuta. Jalada huanza kabla picha yenyewe haijafika, Raya. Unaweka picha yoyote ya kushikia nafasi, upange maneno, upime rangi, halafu picha ikija unabadilisha. Wenzangu wanaweka paka, wanaweka gari. Mimi naweka wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Raya hakujua alie au acheke.

"Halafu unanitoa."

"Ndiyo kazi..."

"Kila mwezi unaniweka, unanipamba, unanipangia maneno, halafu unanitoa unaweka mwanamke mwingine."

"Na kila nikikutoa jalada linakufa!" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa kumwogopa Bi Sikuzani. "Hakuna hata moja lililowahi kufikia lile la kwako. Naliangalia peke yangu kidogo, halafu nalifunga. Nilidhani nina haki hiyo ndogo."

"Na safari hii?"

"Safari hii yule mwimbaji aligeuka dakika ya mwisho. Kisa chake tuchape, uso wake hapana. Mimi nilikuwa hapa kwenu, ndiyo ile siku nimeleta sanduku lako na nguo. Dija, mhariri wetu, amebanwa na kiwanda cha kuchapa. Akafungua kompyuta yangu, akakuta jalada limekamilika, uso upo, maneno yapo. Akalituma."

"Hakuuliza huyu ni nani?"

Kivuli kilirudi hatua moja nyuma.

"Alikwisha kuuliza zamani," Ibrahimu alisema. "Aliliona siku moja kwenye kioo cha kompyuta akaniuliza, mrembo huyu nani? Mimi nikaona haya. Ofisi nzima inasikiliza. Nikamwambia si mtu, ni picha tu ya mtandaoni."

Raya alifumba macho. Mpaka hapo alikuwa bado ana mahali pa kusimama. Neno hilo liliondoa hata hapo.

"Si mtu," alisema.

"Raya..."

"Kila mwezi unakesha na uso wangu, na ukiulizwa huyu nani, unasema si mtu."

"Niliona haya, wallahi. Haya za kipumbavu. Nilitaka uwe wangu peke yangu, asikutaje yeyote mdomoni. Nikakuficha mpaka nikakupoteza."

Alikuwa analia. Raya alimsikia. Aliinuka, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kitambaa, akausikia ule mchanganyiko wa vumbi na mafuta ya karafuu anaoujua. Angenyoosha kidole angemgusa.

"Basi nisikilize," alinong'ona. "Picha imegeuzwa."

"Niliigeuza. Ulikuwa umesimama upande ambao maneno yangekaa kulia. Nikakugeuza yapate kushoto."

"Ndiyo bahati yetu. Kidoti kimehama, kipini kimehama. Baba kasadiki si mimi. Amekwenda kuwaambia wazee. Atakuja akuulize, nawe utasema si mimi."

"Nimdanganye baba yako?"

"Umeshawahi kusema si mtu. Sema mara moja zaidi. Umezoea."

Hilo lilimchoma, aliliona kwenye kivuli chake.

"Nikisema kweli?" Ibrahimu aliuliza.

"Ndoa hakuna. Sharti lake unalijua. Baba akisema neno harudi nyuma, hata ajute mpaka kaburini."

"Na nikisema uongo, tutaishi nao uongo huo? Nitakaa naye kwenye sinia moja, Idi baada ya Idi, nimekula kiapo cha uongo juu ya uso wa mwanawe?"

"Utaishi na mimi!" Raya alisema, sauti ikampasuka. "Mimi nataka uishi na mimi! Nitakukasirikia mwaka mzima, nitakunyima hata chai, lakini uwe ndani ya nyumba yangu nikikunyima!"

Bi Sikuzani alikohoa kwa nguvu. Raya alijisikia uso wote umewaka moto chini ya singo. Upande wa pili wa pazia, Ibrahimu alivuta pumzi ndefu.

"Nitasema," alisema. "Kwa ajili yako, nitasema si wewe."

* * *

Walimsikia Mzee Masoud kabla hawajamwona. Aliingia na sauti ya mtu aliyeshinda kesi, Bi Mize nyuma yake anamalizia kila sentensi.

"Nimewamaliza!" alisema. "Walikuwa wamelishika, wanalipitisha mkono kwa mkono. Nikawaambia kidoti, wakasema ah, Masoud, macho yanaweza kukosea. Mimi nikosee? Nikasimama palepale, nikaapa. Wallahi, billahi, watallahi, yule si mwanangu!"

"Mara tatu," alisema Bi Mize. "Hakuna aliyefungua mdomo tena."

Nyuma ya pazia, Raya alilisikia kila neno. Alitaka baba yake asadiki, basi, asadiki moyoni mwake na yaishe. Hakuwaza kwamba atamwita Mungu kuwa shahidi. Baba yake, ambaye humrudishia mteja kitambaa akigundua kimepungua shubiri. Baba yake, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kumsikia akiapa, hata kwa bei. Ameapa kwa sababu binti yake aliinamisha macho.

"Aha, Ibrahimu! Upo hapa," mzee alisema, na hata kumkuta bwana harusi pale pasipostahili hakukumkasirisha. "Nisamehe mwanangu. Kwa saa moja nilikudhania vibaya. Sharti nililiweka mwenyewe, nikasema leo kijana kalivunja, nitafanyaje mimi? Sasa niambie neno moja tu, moyo utulie kabisa. Yule mwanamke wa jaladani ni nani?"

"Shikamoo, mzee," alisema Ibrahimu.

"Marahaba. Ni nani?"

"Mzee, yule..."

Raya alisikia viatu vyake vikihama hatua moja.

"Yule ni..."

Hakumngoja. Mkono wake ulilivuta pazia kabla akili haijauruhusu, na mwari akatoka nje mbele ya baba yake, mbele ya bwana harusi wake, kanga kifuani, singo usoni, nywele hazijafunikwa. Bi Mize alipiga ukelele, akamrushia buibui lake mwenyewe. Lilimwangukia begani. Raya hakulishika.

"Ni mimi, baba."

Mzee Masoud alimtazama kama anayetazama mtu aliyefufuka.

"Rudi ndani."

"Ni mimi. Nilijua tangu gazeti lilipotua mkekani. Sikusema."

"Kidoti..."

"Niliigeuza picha, mzee," alisema Ibrahimu. Alikuwa amepiga magoti, hakuna aliyemwona akipiga. "Kulia kumekuwa kushoto. Ni yeye. Nilimpiga picha siku ya kwanza nilipomwona, kabla ya sharti lako, na sikuifuta. Imechapwa bila mimi kujua, lakini iliwezekana kwa sababu nilipoulizwa kazini huyu ni nani, nilimkana. Maneno yale hayamhusu. Hajawahi kuolewa wala kuachwa. Kosa lote ni langu."

Mzee alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Na sasa hivi," alisema polepole, "nilipokuuliza. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Ibrahimu alimtazama Raya. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana siku hizo zote, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuufurahia uso wa mwenzake.

"Uongo, mzee."

"Nilimwomba mimi, baba," alisema Raya.

"Ungeweza kuusema?"

"Sijui," alisema Ibrahimu. "Nilikuwa nausukuma. Haukuwa unatoka."

Mzee Masoud aliivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Alipomgeukia binti yake sauti ilikuwa ndogo sana.

"Nilikuuliza, Raya. Nilisimama pale mlangoni nikakuuliza. Ukaniacha nikaape."

"Niliogopa utaivunja ndoa." Machozi yalikuwa yanachora njia kwenye singo. "Sikujua utaapa. Baba, sikujua."

"Kaka," Bi Mize aliingilia, naye sasa alikuwa ananong'ona. "Kaka, sikiliza. Yamekwisha haya. Watu wamesadiki, wazee wamesadiki. Anayejua ni sisi watano tu. Uliapa hujui, Mungu ni mwingi wa rehema. Acha lilale."

"Niliapa sijui," alisema Mzee Masoud. "Nikinyamaza sasa, Mize, nimeapa najua."

Aliinuka, akaiweka sawa kofia yake. Hakumtazama Raya.

"Ibrahimu. Simama unifuate."

"Wapi, kaka?" Bi Mize aliuliza, lakini wanaume wawili walikwisha kuvuka ukumbi, mzee mbele na kijana nyuma kama mtu anayepelekwa kuhukumiwa. Mlango mkubwa wa mbele ulifunguliwa. "Haya basi," Bi Mize alisema, akajishika kichwa. "Anakwenda kuivunja posa mbele ya mtaa mzima. Yallah, pilau la watu!"

Raya alikimbilia dirisha la mbele. Bi Sikuzani alijaribu kumzuia, akashindwa, akasimama naye. Baraza ilikuwa chini yao kabisa. Waliona vilemba na kofia za wazee, na kati yao jalada, uso wa Raya umelazwa kwenye saruji, unatazama juu.

Mazungumzo yalikatika. Mzee Masoud alisimama mahali palepale aliposimamia kuapa.

"Jamani," alisema, "nililowaambia sasa hivi si kweli. Nilikuwa sijui, sasa najua. Yule ni Raya. Maneno yale ya manjano si yake, lakini uso ni wake. Ni mwanangu."

Mzee mmoja aliokota gazeti, akalifunika kifudifudi kwa adabu.

"Na huyu," akamshika Ibrahimu mkono wa juu, kwa nguvu, mpaka Raya kule dirishani akauma mdomo, "ndiye aliyempiga picha."

"Pole sana, Masoud," mtu mmoja alisema. "Na ndoa je?"

Raya aliona baba yake anauachia mkono wa Ibrahimu, halafu anaushika tena, safari hii kiganja kwa kiganja kama siku ile ya sharti.

"Ijumaa," alisema Mzee Masoud. "Baada ya swala, kama mlivyoalikwa. Mimi na huyu, kila mmoja kwa wakati wake, tumemkana mtoto mmoja. Njooni mtuone tunavyomkubali."